Sura ya Nne: Siumwi, Sasa Nikapime Nini?

Swali hili nimelisikia kwenye vikao vya vikoba Bombambili, kwenye saluni za Mfaranyaki, na kwenye mabenchi ya kliniki ya mama na mtoto, kila mara kwa maneno yaleyale: "Mimi siumwi popote, sasa nikapime nini?" Anayeuliza si mkaidi. Amekua akijua kwamba hospitali ni mahali pa kupeleka maumivu. Mtoto akichemka usiku, anakodi bajaji kutoka Lizaboni mpaka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Ruvuma, ile ambayo watu wa Songea wanaiita HOMSO. Mguu ukivimba, anakwenda. Lakini kuamka mzima, kuacha biashara, kupanda kitandani na kuvua nguo ya ndani mbele ya mtu asiyemfahamu, hilo linahitaji sababu.

Sababu ipo, na inaanzia kwenye neno hilohilo "siumwi". Uchunguzi wa mlango wa kizazi umewekwa kwa ajili ya mwanamke asiyeumwa. Unatafuta mabadiliko yanayotangulia saratani kwa miaka mingi, na mabadiliko hayo hayaumi, hayatoi damu wala harufu. Mwanamke anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au ambaye hedhi ilishakoma halafu damu ikarudi, huyo si wa kungoja siku ya uchunguzi. Anahitaji kumwona daktari wiki hiihii, aeleze dalili zake na atafutiwe chanzo. Hizo ni huduma mbili tofauti, na watu wengi huzichanganya. Wanangoja dalili ndipo wakapime, na dalili ikija, nafasi rahisi inakuwa imeshapita.

Kinachotafutwa ni nini hasa

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, pale mfuko unapofungukia ukeni. Ukiugusa kwa kidole unahisi kitu kigumu kidogo na laini juu yake, kama ncha ya pua. Damu ya hedhi hupita hapo, na mtoto hupita hapo anapozaliwa. Wengine huuita shingo ya kizazi. Ni kitu kilekile.

Kwenye uso wa mlango huo kuna ukanda mwembamba ambapo aina mbili za seli hukutana. Seli ni zile chembe ndogo sana zinazoujenga mwili. Ukanda huo hubadilika-badilika katika maisha ya mwanamke, na ndiyo sehemu ambayo kirusi kiitwacho HPV hupenda kukaa. Kirusi hiki huambukizwa kwa kujamiiana, hata kwa kugusana ngozi za sehemu za siri, na kimeenea kiasi kwamba watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, na mwenye nacho hajui kwamba alikuwa nacho.

Kwa wanawake wachache kirusi hakiondoki. Kinabaki miaka na miaka, kikizichokoza seli za ule ukanda mpaka zinaanza kukua vibaya. Kutoka hapo hadi saratani kamili huchukua kwa kawaida miaka 15 mpaka 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imepungua, hasa anayeishi na VVU bila dawa, huweza kuchukua miaka 5 mpaka 10 tu. Mwanasayansi wa Kijerumani Harald zur Hausen ndiye aliyeonyesha miaka ya 1980 kwamba HPV ndiyo inayosababisha saratani hii, na mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel. Zipo aina nyingi za HPV, lakini mbili tu, namba 16 na 18, ndizo zinazobeba takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani.

Miaka 15 ni muda mrefu. Mtoto anazaliwa, anamaliza darasa la saba, anaingia sekondari. Katika muda wote huo tatizo linaonekana kwa macho na linaondolewa kwa dakika chache. Hata hivyo, makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha Tanzania ikipata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii, na wanawake zaidi ya 6,500 wakifa kwayo, kwa mwaka mmoja. Ni saratani inayoongoza kwa wanawake nchini. Nikiitazama hesabu hiyo huwa sielewi tunawezaje kuizoea, maana ni ugonjwa unaotoa taarifa miaka kumi kabla haujafika.

*Kwa ufupi: kirusi cha HPV husababisha mabadiliko yasiyouma kwenye mlango wa kizazi. Mabadiliko hayo huchukua miaka mingi kuwa saratani, na uchunguzi huyakuta kabla hayajafika huko.*

Nani aende, na mara ngapi

Utaratibu uliozoeleka katika vituo vyetu ni wanawake wenye umri wa miaka 30 hadi 50, kila baada ya miaka mitatu ikiwa majibu ni mazuri. Anayeishi na VVU huanza mapema zaidi, na huchunguzwa kila mwaka. Ukiwa na miaka 27 na una wasiwasi, nenda ukaulize. Hakuna atakayekufukuza.

Maswali mengine huja mfululizo. Aliyefunga uzazi? Aende, kwa sababu mlango wa kizazi bado upo. Mwenye kitanzi? Aende, na amwambie nesi kwamba anacho. Ambaye hajawahi kuzaa? Aende. Ambaye mume wake alifariki zamani na hana mwenza tena? Aende, maana kirusi kinaweza kuwa kimekaa tangu miaka ileile ya ndoa. Mjamzito kwa kawaida huambiwa asubiri mpaka ajifungue na wiki kadhaa zipite, isipokuwa daktari akiona haja. Aliyetolewa mfuko wote wa uzazi pamoja na mlango wake aulize kwanza mfuko ulitolewa kwa sababu gani.

Mama aliyekoma hedhi anahitaji maelezo ya ziada. Kadiri umri unavyosonga, ule ukanda ninaousema huingia ndani, na jicho la mhudumu halioni vizuri. Kwa hiyo kipimo cha kutazama kwa siki, ambacho nitakieleza baadaye, kinaweza kisimfae, na akahitaji kipimo cha aina nyingine. Haina maana kwamba abaki nyumbani. Bibi wa miaka 60 ambaye hajapimwa hata mara moja maishani anahitaji kuonwa.

Kuchagua siku

Hapa ndipo wengi hupoteza safari. Mwanamke anatoka Namtumbo alfajiri, analipa nauli, anafika, kumbe yuko kwenye siku zake. Damu inaufunika mlango wa kizazi na hakuna kinachoonekana. Anaambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo ni ya palizi. Harudi.

Siku nzuri ni kati ya siku ya 10 na ya 20, ukihesabu tangu damu ya hedhi ilipoanza kutoka. Kama iliingia tarehe 3, basi kati ya tarehe 12 na 22 uko mahali pazuri. Ukiikosa nafasi hiyo, siku yoyote ambayo hakuna damu inafaa. Kwa ambaye hedhi yake haitabiriki kwa sababu ya sindano au kijiti cha uzazi wa mpango, aende siku asiyotokwa na damu na aeleze njia anayotumia.

Kuna kalenda nyingine, ya shamba. Kwa wanawake wa Songea vijijini, Mbinga na Madaba, kuanzia Novemba mvua ikianza mpaka mahindi yakomae, mwili na akili vyote viko shambani. Foleni ya mbolea, kupanda, palizi ya kwanza, palizi ya pili. Anayemwambia mkulima aende kupima mwezi Januari anasema kitu kisichowezekana. Ushauri wangu ni kuipanga safari hii baada ya mavuno, kati ya Julai na Oktoba, mahindi yakishauzwa na barabara zikiwa kavu. Kikundi cha vikoba kinaweza kuchagua wiki, wakaenda watatu watatu kulingana na tarehe zao. Wakienda pamoja aibu hupungua, na nauli ya bajaji hugawanywa.

Siku mbili kabla

Maandalizi yenyewe ni machache, na mengi ni ya kuacha kufanya kitu:

- Kwa muda wa saa 48, usijamiiane.
- Usiweke chochote ukeni: si dawa ya fangasi, si mafuta, si dawa za kienyeji.
- Usijisafishe kwa ndani. Maji ya kawaida kwa nje yanatosha.
- Kama unatumia dawa ya kuweka ukeni uliyoandikiwa na daktari, maliza dozi kwanza ndipo upange siku.

Hilo la kujisafisha kwa ndani linahitaji kusemwa bila kuzunguka. Wanawake wengi, wakijua watatazamwa, hutaka kwenda wakiwa "safi", basi hujiosha ndani kwa sabuni, limao, shabu au ugoro. Sabuni na limao huuchubua uso wa mlango wa kizazi, shabu huukausha, na ugoro huacha rangi na mikwaruzo. Mhudumu anakuta wekundu ambao hajui ni ugonjwa au ni sabuni ya asubuhi. Uke hujisafisha wenyewe. Ute mweupe au usio na rangi, usiowasha na usionuka vibaya, ni wa kawaida, na nesi ameuona maelfu ya mara.

Kunyoa si lazima. Nimesikia wanawake walioahirisha miezi kwa sababu hawakupata nafasi ya kunyoa, na wengine walionyoa kwa haraka asubuhi ileile wakajikata. Hakuna mhudumu anayehitaji unyoe.

Kula chakula chako. Hiki si kipimo cha kufunga. Mwanamke aliyekaa na njaa tangu alfajiri ndiye anayesikia kizunguzungu akisimama kutoka kitandani.

Cha kubeba na cha kuvaa

Vaa sketi pana au gauni, ili uvue nguo ya ndani tu na usibaki mtupu. Beba kanga moja safi ya kujifunika magoti. Vituo vingi vina shuka, lakini kanga yako inakupa amani yake. Beba pedi moja, maana matone machache ya damu au ya siki yanaweza kutoka baadaye. Na beba vitu vitatu vya kumwambia mhudumu: tarehe ya hedhi ya mwisho, karatasi ya uchunguzi uliopita kama upo, na kadi ya kliniki kama unatumia dawa za kufubaza VVU.

Katika vituo vya Serikali uchunguzi huu kwa kawaida hutolewa bila malipo. Mahali pa kuanzia ni kliniki ya mama na mtoto ya kituo chochote cha afya, au HOMSO yenyewe. Kwa watu wa upande wa magharibi, ipo Hospitali ya Mtakatifu Yosefu Peramiho, iliyojengwa na wamisionari Wabenediktini na inayotegemewa na vijiji vingi vya huko. Hapo ulizia siku na gharama. Kabla ya kusafiri kutoka mbali, mtume mtu au piga simu uulize huduma hutolewa siku zipi. Vituo vingine hupanga siku maalumu za wiki.

Ndani ya chumba

Chumba ni kidogo. Kuna kitanda kirefu chenye mahali pa kuegesha miguu, taa yenye shingo inayokunjika, na meza yenye trei iliyofunikwa. Mlango unafungwa. Kabla ya yote nesi anakaa na wewe kwenye kiti na kuuliza: umezaa mara ngapi, hedhi ya mwisho lini, unatumia njia gani ya uzazi, umepima VVU lini. Haulizi kwa umbea. Majibu yako yanaamua kipimo na tiba.

Nenda kojoa kwanza. Kibofu kikijaa, kipimo kinakera zaidi.

Unalala chali, magoti juu, miguu imepanuliwa, kanga juu ya mapaja. Nesi anavaa glavu, anaangalia sehemu ya nje, kisha anachukua spekulamu. Hiki ni kifaa cha chuma au plastiki chenye midomo miwili iliyo bapa, kinachoingizwa ukeni kikiwa kimefumba, halafu kinafunguliwa taratibu ili mlango wa kizazi uonekane. Hapa ndipo uvumi wa "wanakupanua kwa chuma" ulipotokea. Ukeni panatanuka kumpitisha mtoto; spekulamu inahitaji nafasi ndogo sana kulinganisha na hiyo. Kinachoumiza ni kukaza misuli. Mama akishika pumzi na kubana mapaja, chuma kinakutana na ukuta.

"Mama, legeza makalio yaguse kitanda. Vuta pumzi, toa kwa mdomo."

"Nesi, ni baridi!"

"Pole mama yangu, subiri nikipashe kwa maji. Ukisikia maumivu niambie, nitasimama."

Mazungumzo kama hayo ni haki yako. Sema ukiumia. Omba wakusubiri. Omba mhudumu wa kike kama yupo, na ukitaka dada yako asimame upande wa kichwa chako, uliza. Nesi aliyezoea kazi hii hukueleza kila anachofanya kabla hajakifanya, na asipoeleza, muulize.

Spekulamu ikishatulia, anachukua pamba ndefu iliyochovywa kwenye siki nyepesi, ya asilimia 3 mpaka 5, na kuupaka mlango wa kizazi. Unasikia ubaridi, wengine husikia kuwashwa kidogo. Kisha anasubiri dakika moja. Katika dakika hiyo hakuna anachofanya isipokuwa kumulika taa na kutazama. Mlango wa kizazi wenye afya unabaki na rangi ya waridi. Mahali ambapo seli zimeanza kubadilika panageuka weupe mzito, wenye kingo zinazoonekana. Akishaona, anafuta siki, anafumba spekulamu na kuitoa. Kuanzia kulala mpaka kusimama ni dakika tano hivi.

Siki tu?

Wapo wanaopungukiwa imani wakisikia siki. Wanaona ni kipimo cha maskini, na kwamba kwa wenzetu wanatumia mashine. Ni kweli kwamba nchi nyingi zilitumia kwa miongo mingi kipimo cha kukwangua seli, kuzipaka kwenye vioo na kuzitazama kwa hadubini, kilichotokana na kazi ya daktari Georgios Papanikolaou. Lakini kipimo hicho kinahitaji maabara, mtaalamu wa kusoma vioo, na mwanamke arudi baada ya wiki kadhaa kuchukua majibu. Palipo na wataalamu wachache na safari ndefu, vioo hukaa kabatini na wanawake hawarudi.

Siki ilijaribiwa kwa ukali. Huko Mumbai, India, wanawake wapatao 150,000 wa mitaa ya mabanda walifuatiliwa kwa miaka mingi. Waliowachunguza hawakuwa madaktari, walikuwa wanawake wa kawaida wenye elimu ya sekondari waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013: vifo vya saratani ya mlango wa kizazi katika kundi lililochunguzwa kwa siki vilipungua kwa asilimia 31.

Udhaifu wa kipimo hiki upo pia, na ni vizuri kuujua. Kinategemea jicho la mtu. Huweza kumwita mgonjwa mwanamke ambaye ana uvimbe wa kawaida tu, na huweza kupitwa na kidonda kilichojificha. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021 linapendekeza kipimo cha kukitafuta kirusi chenyewe. Ute huchukuliwa kwa kijiti chenye pamba, hata mwanamke mwenyewe anaweza kujichukulia nyuma ya pazia, na mashine huangalia kama aina hatari za HPV zipo. Mashine zilezile zinazopima kifua kikuu katika hospitali nyingi zinaweza kufanya kazi hiyo. Ukipewa nafasi ya kipimo hiki, kichukue. Ukikuta siki tu, usiondoke ukisubiri kizuri zaidi.

Akisema "chanya"

Neno hili huwaangusha watu. Chanya kwenye uchunguzi huu maana yake weupe umeonekana. Haimaanishi una saratani, na haina uhusiano wowote na VVU, ingawa masikio yetu yamezoea kulisikia neno hilo huko.

Weupe ukiwa mdogo na uko mahali panapofikika, mara nyingi tiba hutolewa palepale, kitanda kilekile. Njia ni mbili. Tiba mgando hutumia gesi baridi sana kugandisha sehemu iliyobadilika: dakika tatu kugandisha, tano kuacha iyeyuke, tatu tena kugandisha. Tiba ya joto hutumia kifaa kidogo, mara nyingine cha betri, chenye kichwa kinachopata joto la nyuzi 100 hivi na kuunguza sehemu hiyo kwa nusu dakika au zaidi kidogo. Sehemu hiyo haina mishipa mingi ya kuhisi moto, kwa hiyo wengi husikia mkakamao wa tumbo kama wa hedhi na basi. Kizazi hakitolewi. Wanaopata tiba hii huendelea kushika mimba na kuzaa.

Baada ya tiba, maji maji hutoka kwa wiki kadhaa, tumia pedi. Usijamiiane kwa wiki nne hadi sita, kidonda kipone. Ukipata homa, damu nyingi kuliko ya hedhi, au usaha wenye harufu, rudi mara moja bila kungoja tarehe. Na mwaka mmoja baadaye urudi wakutazame tena. Tarehe hiyo ya mwaka mmoja ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Iandike kwenye kalenda ya ukutani, ile ya kanisa au ya chama cha ushirika.

*Kwa ufupi: chanya ni weupe, si saratani. Ukiwa mdogo huondolewa siku hiyohiyo, na uchunguzi unarudiwa baada ya mwaka.*

Kwa anayeishi na VVU

Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kupata saratani hii takribani mara sita ya asiye na VVU. Kinga inapopungua, HPV hukosa wa kuitoa. Jambo jema ni kwamba mwanamke huyu tayari ana siku zake za kliniki ya tiba na matunzo, ile tunayoiita CTC. Akiwa kwenye foleni ya dawa, aulize, "Dada, mwaka huu nimeangaliwa mlango wa kizazi?" Kumeza dawa kila siku kunasaidia pia, kwa sababu mwili wenye kinga hupambana na HPV vizuri zaidi.

Mume atasema nini

Sheria haimtaki mwanamke aombe ruhusa ya mume ili achunguzwe. Nyumbani mambo huwa tofauti, na nisingependa kujifanya sijui. Wapo wanaume wanaosikia "mlango wa kizazi" wakafikiria wanawake wanakwenda kufunga uzazi. Wapo wanaosikia kwamba kirusi huambukizwa kwa kujamiiana wakaanza kuuliza kimetoka kwa nani.

Jibu la kweli ni kwamba haijulikani. HPV hukaa kimya miaka mingi. Inaweza kuwa ilitoka kwa mwenza wa kwanza kabla ya ndoa, wa mume au wa mke, miaka 20 iliyopita. Mwanaume aliyenayo kwa kawaida haumwi na hana cha kuona. Majibu ya chanya hayathibitishi usaliti wa mtu yeyote, na hakuna mhudumu anayepaswa kuyatumia hivyo. Mume akitaka kusaidia, kazi yake ipo: kubaki na watoto siku hiyo, kutoa nauli, na kuvumilia zile wiki sita bila kununa.

Binti wa miaka tisa hadi kumi na nne

Aprili 2018 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 14 nchi nzima. Ilikuwa dozi mbili. Tangu Aprili 2024 ni dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na hutolewa shuleni na vituoni. Wazazi wengine waliona kupunguzwa huko ni kubana matumizi. Ushahidi wake ulitoka nyumbani: wasichana 930 wa Mwanza walifuatiliwa na watafiti, na waliopata dozi moja walionekana kuwa na kinga inayodumu.

Chanjo hutolewa mapema kwa sababu hufanya kazi vizuri kabla msichana hajakutana na kirusi. Haifungi uzazi. Na binti aliyechanjwa, akifika miaka 30, bado atahitaji kuchunguzwa, maana chanjo haizuii kila aina ya HPV.

Ukipewa karatasi ya rufaa

Wachache watakutwa na weupe mkubwa unaoingia ndani ya mlango, au kidonda kinachotiliwa shaka. Hawa hawagandishwi. Daktari huchukua kinyama, yaani kipande kidogo sana cha mlango wa kizazi, kikapimwe maabara. Weupe mkubwa usio saratani huondolewa kwa waya wenye umeme unaokata sehemu hiyo tu. Ikiwa ni saratani ya mapema, upasuaji unaweza kuimaliza. Iliyosogea huhitaji mionzi na dawa, na kwa wengi wetu hiyo maana yake ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Njia hiyo ninaijua: basi la alfajiri kutoka stendi ya Shule ya Tanga ya Songea, kisha Njombe, Makambako, Iringa, Morogoro, karibu kilomita 1,000. Mionzi hutolewa kwa wiki kadhaa mfululizo. Kwa hiyo anayepewa rufaa anahitaji zaidi ya nauli. Anahitaji mtu wa kwenda naye, na mahali pa kulala mjini. Familia ikutane mapema, siku ileile karatasi inapofika nyumbani, ipange nani anakwenda na nani anabaki na watoto. Mgonjwa aulize kuhusu bima, na kama hana, aonane na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kusafiri. Kazi yake ni pamoja na kusaidia wasio na uwezo.

Majibu ya kinyama huweza kuchukua wiki kadhaa. Mwachie nesi namba mbili za simu, yako na ya mtu unayemwamini, na uchukue yake. Weka karatasi zote kwenye mfuko mmoja wa plastiki, pamoja na kadi ya kliniki. Na wiki ya tatu ikipita bila simu, usisubiri kuitwa. Nenda mwenyewe ukaulize.